Mrejesho: noki za mishale ya kaboni

Wakuu, nimerudi na mrejesho wa zile noki zangu (vile vipande vya mkiani mwa mshale vyenye mdomo wa kushika upote, yaani kamba ya upinde) nilizowaulizia humu kwa nini zinachomoka kwenye mishale ya kaboni. Nilipima tundu la ndani kama mlivyosema, shafti (mwili wa mshale) zina milimita 6.2 na mimi nilinunua noki za milimita 5, nikawa nazifunga nailoni zikae, kumbe zinakaa upande ndo maana mishale inatawanyika. Nimeweka za saizi yake, zimekaza bila gundi. Ila upote nao ulikuwa mwembamba kwa mdomo wa noki, nimeuzungushia uzi mnene kidogo, sasa mshale unaning'inia wenyewe kwenye upote na nikigonga upote kidogo tu unaachia. Chembe (ncha za mbele za mishale) nimebandika kwa gundi ya kuyeyusha kwa moto mdogo, kaboni haipendi joto kali. Asanteni sana!