Nimepangiwa kufundisha Makete na nguo zangu zote ni za joto la Dar. Naombeni ushauri

Mwalimu Mpya:
Habari zenu ndugu zangu. Nimepata ajira ya ualimu, kituo ni Makete, mkoani Njombe, naripoti mwezi wa 6. Nimezaliwa na kukulia Temeke, sweta ninayo moja tu, ya tangu sekondari. Naenda na mwanangu wa miezi minane, na yeye ndiye anayeninyima usingizi. Bajeti ya nguo haivuki 80,000. Ninunue nini, na ninunulie Dar au hukohuko?

Mkinga wa Bulongwa:
Karibu kwetu mwalimu. Juni hadi Agosti ndiyo baridi yenyewe. Kule Kitulo usiku inashuka mpaka chini ya sifuri, asubuhi unakuta majani meupe kwa barafu. Lakini kinachowashinda wageni zaidi ni upepo na ukungu. Mtu anavaa sweta tatu nene, upepo unapita kama hajavaa kitu. Anza na kaushi ya kubana, juu yake sweta ya sufu, halafu jaketi lisilopitisha upepo. Ukiwa sokoni weka kitambaa cha jaketi mdomoni, upulize. Ukihisi pumzi yako kiganjani upande wa pili, liache hata kama limekupendeza.

Dereva wa Nyanda za Juu:
Usijibebeshe mizigo, dada. Shuka Makambako, mitumba imejaa.

Mkinga wa Bulongwa:
Sweta na blanketi sawa, anunue huku. Jaketi hapana, achukue soko la Karume, hukohuko Dar. Marobota yanayofunguliwa Dar yanatoka na majaketi mazito ya Ulaya, na Dar nani atayavaa? Wauzaji wanayaachia kwa bei ndogo. Yakishapandishwa huku msimu wa baridi, bei nayo imepanda.

Mama Wawili:
Mimi niseme la mtoto. Mbebe mgongoni kwa khanga, jaketi lako kubwa liwafunike wote wawili, uso wake ubaki wazi. Asubuhi na jioni asikose mzula na soksi. Na nakuomba sana mwalimu, usije ukaingiza jiko la mkaa chumba mnacholala. Ile hewa yake ya sumu haina harufu, inaondoka na familia nzima wamelala. Tia maji ya moto kwenye chupa, izungushie taulo, pasha kitanda, kisha itoe ndipo umlaze.

Fundi Viatu:
Viatu ongeza namba moja ili soksi ya sufu ienee. Kiatu kikibana, vidole vinakufa ganzi hata uvae soksi mbili.

Mwalimu Mpya:
Mungu awabariki. Jana nimeshinda Karume. Nimepata jaketi la kijani lenye kofia kwa 18,000, nimelipuliza mbele ya muuzaji na zipu nimeifungua na kuifunga mara kumi. Nimechukua pia kaushi mbili, taiti nzito mbili za kuvaa chini ya sketi, na mzula wa mtoto. Zote nimezifua kwa maji ya moto. Hela ya sweta na blanketi ninayo bado. Swali la mwisho: kwenye ukungu huo nguo zinakauka vipi?

Mkinga wa Bulongwa:
Sweta nzito inaweza kumaliza siku tatu kambani, kwa hiyo nunua mbili. Na za mtoto fua asubuhi jua likichomoza tu, uzianue kabla ya saa tisa, ukungu haujarudi.