Mjadala: Vijiji vizuie kupulizia dawa ya wadudu asubuhi mikorosho ikiwa na maua?

Mleta mada (Newala): Wadau, msimu wa kupulizia umefika, na ugomvi wa wenye mikorosho na wenye mizinga ni ule ule. Kijijini kwetu kuna pendekezo la sheria ndogo: dawa ya wadudu isipuliziwe kuanzia alfajiri hadi saa tano. Salfa ya unga ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haiguswi, iendelee kupulizwa na umande wake. Naunga mkono. Tumezoea kuambiana "puliza mapema, kwenye baridi nyuki hawajatoka." Hawajatoka, sawa, lakini dawa nyingi tunazompigia mbu wa mikorosho, yule mdudu anayefyonza machipukizi, ni za kundi la pairethroidi, kama lambda-sihalothrini, na hizo ukali wake kwa mdudu huongezeka baridi inapozidi. Zinazuia vijilango vya sodiamu kwenye neva visifunge. Kwenye baridi vinakawia zaidi kufunga. Saa tatu nyuki anatua, ua bado bichi kwa dawa, na huku juu uwanda wa Makonde mwezi wa saba jua halijashika.

Mkulima, Tandahimba: Mkuu, kwenye majana (watoto wa nyuki) mzingani joto ni nyuzi 34 hadi 35. Na nyuki anayeruka kifua chake ni cha moto. Baridi ya nje inamhusu nini? Hayo ni mambo ya maabara.

Mfuga nyuki, Ruangwa: Ndugu yangu, hiyo ni kwa nyuki mzima. Nyuki hujipasha kwa kutetemesha misuli ya kuruka. Sumu ikishaingia kwenye neva, hana tena uwezo huo. Pita chini ya mkorosho uliopuliziwa uwaone kwenye majani makavu: wanatambaa, mabawa ovyo, ulimi nje. Huyo joto lake ni la ardhi aliyolalia. Halafu mnachanganya dawa ya wadudu na dawa ya maji ya ubwiriunga kwenye pampu moja ili kuokoa kibarua. Baadhi ya dawa za ukungu za kundi la azoli huzidisha makali ya pairethroidi kwa nyuki, na kuna majaribio yaliyoonyesha mchanganyiko wa namna hiyo unamshusha nyuki joto la mwili. Mimi ningeanza na hilo kabla ya kugombania saa.

Muuza pembejeo, Masasi: Sheria ya saa peke yake itawaponza. Profenofosi ni ya kundi jingine, oganofosfeti, na hizo kwa kawaida huwa kali zaidi kwenye joto. Mtu akikatazwa asubuhi atapuliza saa saba mchana, nyuki wamejaa kwenye maua. Hapo mmemsaidia nani? Andikeni jioni tu, na asiyeona mbu wala machipukizi yaliyoungua asipulize kabisa. Wapo wanaopuliza kwa sababu jirani kapuliza.

Mleta mada: Nakubali jioni, kuanzia saa kumi na moja. Dawa inapata usiku mzima wa kukauka. Suala la kuchanganya nalo liingie.

Mkulima, Tandahimba: Inakauka, halafu umande wa alfajiri unailowesha tena! Na toka saa kumi na moja hadi giza ni saa moja na ushee, mimi nina ekari nane na mashine ya kukodi. Anayekodisha analipwa kwa siku. Wenye mizinga watachangia?

Mfuga nyuki, Ruangwa: Tuchangie, ila na sisi tuambiwe siku ya kupuliza mapema, tufunge milango ya mizinga. Mwaka jana nilijulishwa na harufu.