Msaada: mzee ana stenti ya moyo, sasa majibu ya figo yanatuchanganya

Kitindamimba: Wakuu habari za jioni. Mzee wangu ana miaka 61, mwaka jana mshipa wa moyo uliziba akawekewa stenti (kibomba cha kuuacha mshipa wazi). Juzi karudi kliniki, majibu haya hapa: kreatinini (taka ya damuni inayochujwa na figo) 128, eGFR (kasi ya figo kuchuja) 55, uwiano wa albumini (protini) kwenye mkojo 9. Presha 146/92, sukari kabla ya kula 6.3, trigliseridi (mafuta ya kwenye damu) 2.4, kiuno sentimita 106. Daktari kasema ni sindromu ya kimetaboliki na figo zifuatiliwe. Mzee kaja juu: "Mimi naumwa moyo, figo zimetokea wapi?" Baba mdogo naye kashikilia kwamba losatani, dawa yake ya presha, ndiyo inaua figo, aiache. Tufanyeje?

Bundala: Pole mkuu. Kuna mzizi huku kwetu unasafisha figo, njoo PM.

Sista wa Wodini: Huyo wa mzizi mpite tu, figo zikishalegea si za kujaribishia vitu.

Mkuu, msihesabu magonjwa manne hapo, yanalishana. Vinaangaliwa vitu vitano: kiuno, presha kuanzia 130/85, sukari ya kabla ya kula kuanzia 5.6, trigliseridi kuanzia 1.7, na HDL (mafuta mazuri) kuwa chini. Ukiwa na vitatu, tayari una sindromu. Mzee anavyo vinne, na HDL hujaiandika. Kitambi kinafanya insulini (homoni ya kushusha sukari) isifanye kazi sawasawa, figo zinang'ang'ania chumvi, presha inapanda, vichujio vinasukumwa mpaka vinavujisha protini. Mishipa ya moyo inaharibiwa na hayohayo. Mwaka 2023 American Heart Association waliyaweka moyo, figo na kimetaboliki chini ya jina moja.

Mimi hiyo 9 ya albumini inanishtua kuliko kreatinini. Kawaida ni chini ya 3. Kreatinini inaweza kusoma vizuri wakati figo zimeshapoteza karibu nusu ya uwezo, na kile kijiti cha kuchovya kwenye mkojo mara nyingi hakioni albumini kidogo hivyo. Daktari wenu yuko makini. Ila virudiwe: mpaka hali idumu miezi mitatu ndipo inaitwa ugonjwa sugu wa figo.

Losatani ASIACHE bila daktari. Inapunguza msukumo ndani ya vichujio. Mtu akiianza kreatinini hupanda kidogo, na isipozidi asilimia 30 kwa kawaida anaendelea nayo. Wampime potasiamu (madini ya kwenye damu) pia.

Mama Tatu: Mume wangu kesi kama hiyo. Wakamwongezea dapagliflozini, dawa ya kisukari, nikasema mbona hana kisukari? Kumbe inalinda figo na moyo pia. Ulizeni kama bima inalipa, bei yake imechangamka.

Kitindamimba: Asanteni sana. Potasiamu haimo kwenye majibu. Halafu Sista, goti linamsumbua, kila mara ananunua diklofenaki duka la dawa. Ina shida?

Sista wa Wodini: Jamani, hiyo ndiyo ungeanza nayo! Inapunguza damu inayoingia kwenye figo, inapandisha presha, na kwa mwenye stenti inaongeza hatari ya moyo kuziba tena. Ukiichanganya na losatani ndiyo balaa. Aache leo, goti atulize kwa paresitamo, na daktari aambiwe, maana huenda sehemu ya hiyo 128 imetokana nayo. Aspirini ndogo aliyopewa kwa ajili ya stenti msije mkaitupa humohumo, hiyo aendelee nayo.