Nimelipa shilingi 45,000, fundi akaziba tundu la besi na kuuacha upepo ukivuja palepale

Ndugu zangu, salamu kutoka Uyole, Mbeya. Ninaandika nikiwa na hasira, lakini nitajitahidi kueleza kwa utaratibu, kwa sababu fedha ninazozizungumzia si zangu. Ni za kwaya, zilichangwa elfu moja moja na elfu mbili mbili, na mimi ndiye mtunza hazina ninayetakiwa kusimama Jumapili na kueleza zimekwenda wapi.

Spika yetu ya besi ya inchi 15 imo katika boksi ambalo seremala alilichonga kwa plaiwudi, isipokuwa ubao wa chini, ambao aliuweka wa paina. Mwaka wa kwanza ililia vizuri mno. Ulipofika huu msimu wa baridi kavu, ambao hata midomo yetu unaipasua, ubao ule wa paina, ambao bila shaka haukukauka vya kutosha kabla ya kuchongwa, ulisinyaa na kuachana na wenzake. Besi ikaanza kupwaya, na kila noti nzito ya kinanda ikawa inafuatwa na sauti ya "fyuu", kama mtu anayepumua huku pua imemziba. Nilimpelekea fundi mmoja wa Mwanjelwa, nikamwambia waziwazi kwamba boksi linavuja upepo, na kwamba ninashuku maungio ya chini au kile kibao cha nyuma panapochomekwa waya.

Niliporudi baada ya siku nne alinionyesha kazi yake kwa fahari. Lile tundu la mbele, ambalo ndani yake lilikuwa na bomba la plastiki, alikuwa amelikatia kipande cha plaiwudi, akakipiga skrubu nne na kukizungushia silikoni nyeupe mpaka ikachuruzika.

"Mama, upepo wote ulikuwa unatokea hapa," akaniambia. "Nimeweka mkono, nimeusikia kabisa."

Aliusikia, ndiyo, kwa sababu hapo ndipo unapotakiwa kutokea! Mimi ninafundisha fizikia sekondari, si fundi wa spika, lakini jambo hili hata mwanafunzi wangu wa kidato cha pili analielewa akipuliza mdomo wa chupa tupu ya soda na kusikia ule mlio mzito. Hewa iliyo katika bomba husukumwa na kuvutwa kama mzigo mdogo, hewa iliyofungiwa ndani ya boksi hufanya kazi ya springi, na viwili hivyo vikishirikiana huongeza nguvu ya sauti nzito ambazo koni, yaani ule uso wa spika unaotikisika, peke yake ingezitoa kwa shida. Tundu hilo si pambo la seremala. Albert Thuras alilipatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, nchini Marekani mwaka 1932. Ufa ni kitu kingine kabisa, kwa kuwa hewa inayochuruzika katika mwanya mwembamba hupoteza nguvu yake kwa msuguano, na springi ile hulegea. Kwa hiyo fundi ameua kilichokuwa kinasaidia, na kilichokuwa kinaharibu amekiacha kama alivyokikuta.

Nitawaelezeni nilivyojua, msije mkadhani ninamsingizia. Boksi likiwa limezibwa kila mahali, ukiisukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, ukiibonyeza pande zote sawasawa isije ikakaa upande na koili, ule waya uliosokotwa nyuma yake, ikakwaruza, ukaishikilia kidogo kisha ukaiachia, inatakiwa irudi polepole, kwa sababu hewa kidogo iliyopenya nje ulipoibonyeza hurudi ndani kwa shida. Ya kwetu, pamoja na silikoni yote ile, ilirudi papo hapo. Usiku nikachezesha kwa simu mlio mtupu wa hezi 40, sauti ya wastani, nikawasha kijiti cha udi na kukipitisha polepole kwenye kila mshono. Mbele moshi ulipanda wima. Nilipofika kona ya chini kushoto ulianza kutetemeka na kusukumwa pembeni, na kwenye kibao cha nyuma ulitawanyika kabisa. Nikashika bisibisi: kati ya skrubu nne za kibao kile, mbili zinazunguka bure, na chini yake hakuna hata uzi wa sponji. Kazi hii yote ilinichukua chini ya nusu saa na kijiti kimoja cha udi. Yeye alikaa na boksi siku nne.

Kuna na hili la silikoni, ambalo ndilo linaloniuma zaidi. Alitumia ile inayotoa harufu kali ya siki inapokauka, na harufu ile ni asidi kweli, inayokula shaba. Ameifungia ndani ya boksi pamoja na waya na koili ya spika. Tena gundi ya mbao haishiki juu ya silikoni, maana yake kila alipopaka itabidi pakwanguliwe mpaka mbao ionekane ndipo kazi halisi ianze. Na kazi halisi wala si ya kutisha: gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na unga wa msumeno ishindiliwe katika ufa, boksi libanwe kwa jiriwa usiku kucha, matundu ya skrubu yaliyolegea yajazwe njiti zilizochovywa gundi, na kibao kirudishwe juu ya ukanda wa sponji. Vifaa vyote hivyo haviwezi kufika robo ya fedha nilizolipa.

Nilipompigia simu alinijibu kwamba spika yenyewe ndiyo imechoka na kwamba kwaya inunue nyingine, ambayo kwa bahati anayo dukani. Nilimwomba basi anirudishie bomba la plastiki alilolitoa. Akasema alilitupa.

Hapo ndipo nilipoishiwa subira, kwa kuwa urefu wa bomba lile ndio unaoamua ni noti ipi boksi litaipa nguvu. Ukilikata fupi, noti hiyo hupanda, na ukiliongeza hushuka. Seremala aliyelichonga anakumbuka kwamba aliandika kipimo hicho kwa penseli ndani, kwenye ubao wa mbele, kando ya tundu. Nimetoa spika, nikamulika kwa tochi. Mahali hapo pamefunikwa na silikoni.

Fundi, ukilisoma hili utajijua. Kwaya inataka shilingi 45,000 zake kabla ya mazoezi ya Jumamosi, na huyo anayekwangua silikoni tutamtafuta wenyewe.