Baba katolewa baada ya opereshini ya tezi dume: tumpandishe Newala au abaki Mtwara mjini?

Mwana wa Kitangari
Wakuu, habari za jioni. Baba yangu ana miaka 76, kafanyiwa opereshini ya tezi dume, ile ya kupasua tumbo, na juzi karuhusiwa. Katoka na mpira wa mkojo, tarehe ya kliniki na dawa kibao. Presha anayo ya siku nyingi. Yuko kwangu Chuno, ila hakukaliki: anataka kwao Newala, korosho zimeanza kudondoka na shemeji zake hawaamini kwenye kuokota. Mama naye kaingia upande wake. Kinachonitia hofu, kuna mzee kijijini alitoka hivihivi, wiki ya pili akarudishwa wodini usiku kwa gari la kukodi. Ni nini hasa kinawarudisha? Na huyu nimwachie aende?

Boda wa Magomeni
Mpeleke kwao mkuu. Mzee akishakula ming'oko yake na kuona mikorosho yake, anapona. Mjini anaugua mawazo tu.

Sista Mstaafu, Masasi
Mwanangu, pole na uuguzi. Nimekaa wodi ya upasuaji miaka mingi, nikwambie ninachokijua. Mwenye mpira asipande Newala. Subirini utolewe, akojoe mwenyewe bila shida, mshono uangaliwe, ndipo muongee habari za korosho. Barabara ya Tandahimba utaivumilia wewe mwenye afya. Na mpira ukiziba saa nane usiku huko kijijini, utampata nani?

Wanaorudi, mara nyingi opereshini yenyewe haikuwa na kasoro. Huharibikia nyumbani. La kwanza ni maji. Mzee anaona mfuko unajaa, anaona haya kumwagiwa na mkwe, basi anapunguza kunywa. Mkojo unakuwa mzito, damu inaganda ndani, mpira unaziba, vijidudu navyo vinapata nafasi. Anywe mpaka mkojo uwe mweupe, isipokuwa kama daktari alimwekea kipimo kwa sababu ya moyo au figo. Huko juu kwenu maji yamekuwa shida tangu enzi, ndiyo maana nasema abaki.

La pili watu hucheka nikilitaja: choo. Dawa kali za maumivu kama tramadoli hufunga choo. Akijikamua, kidonda cha ndani kinatoa damu. Mpe papai, mchicha, mbaazi, na asikae kitandani kutwa. Kutembea uani asubuhi na jioni kunamkinga pia na damu kuganda miguuni na nimonia. Asinyanyue gunia wala ndoo kwa wiki sita hivi, hata akijisikia kijana.

Dawa sasa. Zimwage zote mezani, za zamani na mpya, kisha ukaulize ipi inaendelea. Nimeona wazee wameacha ya presha wakidhani opereshini imemaliza yote. Wengine wanameza diklofenaki ya dukani juu ya dawa za presha, figo zinaumia kimyakimya. Kama alikuwa anatumia asprini, asiirudie mpaka daktari aseme.

Halafu hili: mzee akianza ghafla kuropoka, kuongea na marehemu, kutokujua yuko wapi, msiseme ni uzee au kapandisha majini. Mara nyingi ni maambukizi au kukaukiwa maji, na anaweza asiwe hata na homa. Kisomo msomeeni njiani mkielekea hospitali.

Huko Marekani, tangu 2012, bima ya serikali ya wazee inazikata malipo hospitali ambazo wagonjwa wake wanarudi kupita kiasi ndani ya siku 30. Hapa kwetu anayekatwa ni wewe, kwa nauli na gari la kukodi.

Binti Mikindani wa Lindi
Sista kasema kweli. Mimi kwa mama yangu ilikuwa nyonga. Mshono ulipona vizuri kabisa, kilichomrudisha ni kuanguka usiku akienda choo cha nje gizani. Dada zangu walikuwa wanashughulikia kidonda tu. Kaka, weka taa na ndoo ya usiku karibu na kitanda, mikeka inayoteleza itoe.

Mwana wa Kitangari
Asanteni sana. Sista, leo baada ya kutembea mkojo umekuwa na rangi ya pinki. Nikimbie?

Sista Mstaafu, Masasi
Pinki nyepesi baada ya kutembea si ajabu, apumzike na anywe maji, itafifia. Hata wiki ya pili inaweza kurudi kidogo. Ukiwa mwekundu mzito wenye mabonge, au mfuko haupati kitu kwa muda wa saa tatu huku tumbo la chini linauma, hapo usisubiri kuche. Vilevile homa ya 38 kwenda juu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au pumzi kubana ghafla. Namba ya simu ya wodi waliyokupa ibandike ukutani, isikae kwenye simu yako peke yako, maana siku hiyo utakuwa kazini. Huyo shemeji wa korosho mpigieni simu mbele ya mzee kila jioni ataje kilo, atatulia. Na mfuko wakati wote ukae chini ya kiuno, wengine wanauning'iniza begani kama mkoba na mkojo unarudi ndani.