Nijifungulie Mombasa au nimfuate mume Ujerumani?

UmmiMtarajiwa: Assalam aleikum wapendwa. Nina mimba ya kwanza, wiki ya 22, niko Kisauni. Mume yuko Hamburg mwaka wa tatu huu na viza yangu ya kumfuata imeshatoka. Ataka nikazalie huko, asema wazazi hawafi ovyo. Mama naye ataka nizalie hapa nikae arobaini yangu. Kliniki nahudhuria, kijitabu cha mama na mtoto ninacho, SHA, bima ya afya ya serikali, nalipa. Mliozaa pande zote mbili nisaidieni, na msiniambie "omba Mungu" peke yake, hilo nafanya.

NesiWaPwani: Mumeo hesabu hajakosea. Sensa ya 2019 ilitoa vifo vya wazazi 355 kwa kila watoto 100,000 wazaliwao hai Kenya. Ujerumani hawafiki 10. Lakini hiyo ni nchi nzima, na wengi huponzwa na kutoka damu au kifafa cha mimba huku msaada uko mbali. Wewe uko mjini. Nenda hospitali uliyokusudia uwaulize: saa nane za usiku daktari wa upasuaji yupo? Damu ya kuongezea ipo? Na ile inayotoka, mwaipima au mwaikadiria kwa macho? Wakikujibu kwa kigugumizi, tafuta kwengine. SHA hulipa 10,000 kwa kuzaa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Za binafsi ulizia mapema kitakachobaki juu yako.

Kapteni_Likoni: Mtoto akizaliwa kule si apata pasi ya Mjerumani? Dada nenda, wangoja nini!

BintiMjiWaKale: Kapteni, hapati. Mpaka mzazi mmoja awe ameishi huko kihalali miaka 5 na ana haki ya ukaazi wa kudumu. Huyu baba ana mitatu.

Shoga'angu, mimi wa kwanza nilizaa hapa, wa pili huko. Wodini kote walinishughulikia. Tofauti niliiona nikisharudi nyumbani. Huko mkunga hukufuata mlangoni, siku kumi za mwanzo aweza kuja kila siku, kisha mara moja moja mpaka wiki ya 12, na bima ndiyo ilipayo. Wangu alikuja na mzani wa kitambaa, akamning'iniza mtoto kama samaki wa sokoni, akatazama kitovu, akanitazama mshono, akaniuliza kama nalia. Hapa hakuna nesi aliyewahi kuniuliza hilo. Ila mkunga huyo akishaondoka, ni wewe na kuta nne. Hakuna wa kukukanda maji moto, hakuna wa kukufunga mkaja, uji wa pilipili manga wajipikia mwenyewe huku mtoto yuwalia. Na wakunga ni wachache, anza kumtafuta leo.

NesiWaPwani: Niongeze chanjo. Hapa mtoto hupewa BCG, ya kifua kikuu, akizaliwa, huko hawaitoi kwa kila mtoto. Ukija likizo naye, mpeleke kliniki. Na safari usiiahirishe: kuanzia wiki 28 ndege nyingi zataka barua ya daktari, na baada ya 36 hawakubebi.

UmmiMtarajiwa: Kwa hivyo nikienda nimkose mama, nikibaki nimkose mkunga wa mlangoni. Mtihani huu!

BintiMjiWaKale: Kwani mama hapandi ndege? Viza ya matembezi hufika siku 90, arobaini yatosha na chenji yabaki. Yataka bima ya safari ya euro 30,000 na mumeo amwandikie barua ya mwaliko. Miadi ya ubalozi ndiyo huchelewa, kwa hivyo aombe sasa.

UmmiMtarajiwa: Nimemwambia. Kanyamaza, kisha kauliza kama samli na pilipili manga zaruhusiwa mzigoni.

BintiMjiWaKale: Pilipili manga yaingia. Maziwa, nyama na vitokanavyo huwa wanazuia uwanja wa ndege, kwa hivyo samli aiache. Madukani kwa Waturuki ipo.