Ukuta wetu umegeuzwa tangazo. Naufutaje kabla dada hajarudi?

Mlango wa Bati: Wakuu, heshima yenu. Nyumba yetu ipo Mbagala, imetazama barabara. Juzi kampuni ya vinywaji imepaka ukuta wa mbele wote mwekundu, nembo katikati ya mlango na dirisha. Upana mita 6, kimo mita 3. Watu wanagonga kuulizia soda ya baridi. Nataka kurudisha krimu. Nipige rangi ya maji juu yake moja kwa moja? Dada anarudi tarehe 20.

Fundi Msasa: Usithubutu. Chovya pamba kwenye spiriti, usugue. Rangi ikihamia kwenye pamba ni ya maji. Isipohama ni ya mafuta, na matangazo ya nje mengi ni ya mafuta. Ya maji haishiki juu ya mng'ao, itabanduka kama gamba la nyoka. Osha kwa sabuni, piga msasa namba 80 mpaka mng'ao ufe, futa vumbi, pitisha praima ya mafuta (rangi ya chini ya kushikia) mkono mmoja, yaani tabaka moja, iache saa 24, ndipo krimu mikono miwili. Una mita za mraba 18. Lita moja hula kama mita za mraba 10 kwa mkono, kwa hiyo galoni ya lita 4 inatosha kama plasta ni laini. Krimu ikianza kuwa ya waridi, nyekundu inachungulia: rudia praima, usimwage krimu zaidi.

Kibaraza: Afadhali rangi. Zile karatasi za waganga wa mapenzi getini ndizo balaa. Usibandue kavu, zinang'oka na rangi ya geti. Lowesha kwa maji ya moto, subiri dakika 10, kwangua kwa plastiki.

Bibi Hesabu: Mleta mada, ngazi na ndoo zote hizo zilipita mbele ya mlango nani akiwa ndani?

Mlango wa Bati: Nilikuwepo. Nilisaini karatasi yao. Laki 3 kwa mwaka, nikapewa 270,000. Lakini ukuta ulishababuka, jamani, na wao wamepaka bure!

Bibi Hesabu: Hiyo 30,000 ni zuio la kodi ya pango, asilimia 10. Wadai cheti chake. Na ukifuta leo, mwenye kuvunja mkataba ni wewe. Nyumba ni ya nani?

Mlango wa Bati: Ya marehemu baba. Tuko wanne.

Bibi Hesabu: Msimamizi wa mirathi?

Mlango wa Bati: Dada. Ila ninayekaa hapa na kulipa umeme wa LUKU ni mimi.

Bibi Hesabu: Kulipa LUKU hakukupi mamlaka ya kupangisha ukuta. Fomu namba 4 ya mahakama ya mwanzo, ile ya kumteua msimamizi, ina jina la dada. Msasa uache. Dada aandike barua kwamba aliyesaini hakuwa na mamlaka, aambatishe nakala ya fomu, na hela irudi. Umeigusa?

Mlango wa Bati: Kidogo. Nimenunua praima.

Soda Baridi: Sasa soda ipo au haipo?

Jicho Kavu: Chai hii. Rangi ya juzi, wateja wa soda leo, praima tayari mkononi. Anauza praima huyu, subirini namba ya simu.

Mlango wa Bati: Nimesugua pamba na spiriti sasa hivi, imebaki nyeupe. Ila chini, karibu na msingi, kuna malengelenge. Moja nimelibonyeza, limetoa maji.

Jicho Kavu: Hilo la maji hatungi mtu. Naondoa shutuma.

Fundi Msasa: Walipaka ukuta mbichi. Unyevu unapanda toka msingini, rangi ya mafuta imeuziba, hauna pa kutokea. Hata praima yako ingevimba vilevile. Hapo chini patakwanguliwa mpaka plasta ionekane, pakauke kwanza, kisha pabaki na rangi ya maji tu. Kwa sasa piga picha, rula iwe kando ya lengelenge. Ni hoja ya dada hiyo.

Mlango wa Bati: Picha dada anayo. Jirani kamtumia tangu asubuhi. Ananiuliza ile 270,000 iko wapi.